Safari za Uzeeni, na Zamu ya Mke



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ambayo katika mafundisho ya ndoa hatuisemi sana, au tukiisema twaipita upesi. Sisi makatekista twawafundisha vijana mambo yaliyo ya kwanza: ridhaa ya wote wawili, matangazo yasomwayo kanisani Jumapili tatu, pete, uaminifu, malezi ya watoto. Tena twawaambia ya kuwa ndoa haifunguliwi ila kwa mauti. Lakini kati ya pete na mauti, Mungu akipenda, iko miaka mingi ya uzee, na miaka hiyo twaiacha kama shamba lililokosa mwenyewe.

Hesabuni wenyewe. Katika Tanzania mwalimu wa shule ya Serikali ana ruhusa ya kustaafu kwa hiari yake akiwa na miaka 55, na akifika 60 sheria yamtaka aondoke kazini. Aliyeoa akiwa na miaka 26 amekwisha kukaa na mkewe miaka 34. Watoto wamekwenda zao, huyu Mwanza, huyu Mbeya, na huyu wa tatu hajulikani vizuri yuko wapi ila hupiga simu akiwa na shida. Ndipo wale wawili wabakipo peke yao mezani wakitazamana kama siku ile ya kwanza, ila sasa kila mmoja ana miwani. Mume hana kengele ya kumwita asubuhi. Hukaa barazani tangu chai hata chakula cha mchana, akiuliza chumvi imewekwa wapi, na kwa nini kuku wamefunguliwa mapema. Mke hakuzoea kuulizwa hivyo. Tena yeye hakustaafu: kuni, maji, jembe, na wajukuu walioletwa awalee, vyote vipo vile vile, wala hakuna ofisi iliyomwandikia barua ya kumshukuru kwa utumishi wake.

Katika wakati huo ndipo maneno ya safari yanapoanza. Mwanamume aliyefungwa na kengele maisha yake yote huona ya kuwa sasa yu huru, tena ana fedha mkononi, nazo ni zile tuziitazo kiinua mgongo. Kwa kanuni ya mwaka 2022 mstaafu alipewa kwa mkupuo asilimia 33 ya mafao yake. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha hata 40 kwa wale ambao zamani wangalipata nusu. Nayo yanayosalia hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Basi mkupuo huo ni fedha ambayo mwalimu hakuiona kamwe pamoja, wala hataiona tena. Wengine hujenga nyumba. Wengine hununua pikipiki za kukodisha, wakajuta. Na wengine husema, "Sasa nitatembea."

Nimesikia safari nyingi zikitajwa. Mmoja ataka kupanda gari la moshi jipya la kutoka Dar es Salaam hata Dodoma, lililoanza kuchukua abiria mwezi wa Julai 2024, ambalo kwa kweli halina moshi, kwa kuwa laendeshwa kwa umeme. Mwingine ataka kufika Kigoma akaione meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaopolewa na Waingereza, ikarudi kazini mwaka 1927. Mwingine ataka kusali Unguja katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Na wengi, tena wengi sana, wataka Yerusalemu. Hizi zote ni safari njema, wala siandiki ili kuzikataza. Nauliza neno moja tu: katika safari hizo, ya mke ni ipi?

Watu hunijibu, "Atakwenda pamoja na mumewe." Hilo silo jibu. Mzigo nao huenda pamoja na mwenyewe.

Angalieni jinsi ndoa ilivyoanza. Siku ya arusi mmoja alibaki kwao, na mmoja akaondoka. Katika makabila yetu mengi aondokaye ni mke, na mke wa mwalimu huondoka mara nyingi, maana kwanza ahamia kwa mumewe, kisha amfuata kila ahamishwapo, shule hata shule, akianza upya bustani na urafiki na njia ya kisimani. Lakini wako wake walioacha zaidi ya wengine. Wayao, Wamakua na Wamakonde wa kusini tangu kale huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi yao ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe zake, akajenga huko na kulima huko. Watoto walikuwa wa ukoo wa mama yao, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Basi binti wa watu hao akichukuliwa na mume mpaka nchi ya mbali, ambako ukoo huhesabiwa kwa baba, hakuacha nyumba tu. Aliacha nchi ambayo mwanamke ndiye shina, akaenda mahali ambapo yeye ni tawi la kubandikwa.

Nawajua mume na mke wa namna hiyo. Sitawataja kwa majina, nao wameniruhusu niandike. Mume ni Mshambaa wa Korogwe; mke ni Mmakua wa Masasi. Wasomaji wa zamani wajua ya kuwa mahali hapo pawili pana udugu wa Kanisa, maana Misheni ya Vyuo Vikuu ilifanya kazi huko na huko. Na Masasi ndipo Askofu Steere alipowapeleka mwaka 1876 watu waliokombolewa katika utumwa, wakaanza mji wa Kikristo chini ya yale majabali makubwa. Yule mume alipokuwa kijana alipelekwa kufundisha huko miaka miwili. Alimwona binti katika waimbaji wa kanisa, akamposa kwa utaratibu mwema, wakafunga ndoa mwaka 1990. Mwaka uliofuata akahamishwa kurudi kwao. Siku ya kuondoka mama mkwe alimshika mkono, akasema, "Baba, umemchukua mbali. Utanirudishia nimwone?" Naye akaahidi ya kuwa kila mwaka wa pili atamleta.

Hakusema uongo. Alikusudia hivyo. Lakini mshahara wa mwalimu mwajua ulivyo, na kutoka Korogwe hata Masasi kupitia Dar es Salaam ni karibu kilometa 900, na siku zile njia ya kusini ilikuwa ya mateso. Reli ilikuwapo zamani kutoka Mtwara hata Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga, lakini iling'olewa katika miaka ya 1960. Barabara nayo ilikatwa na mto Rufiji, ambao watu waliuvuka kwa pantoni. Na masika yakizidi watu walikaa ukingoni siku nyingi wakingoja, au walirudi. Mke alikwenda kwao mara moja mwaka 1993, mara ya pili mwaka 1995. Mwanzoni mwa mwaka 1998, katika mvua zile kuu za El Niño, mama yake alikufa. Habari zilifika Korogwe zimechelewa, na njia ilikuwa maji matupu. Hakumzika mama yake. Baada ya hapo zikaja karo za watoto wanne, kisha ugonjwa wa mama wa mume, aliyelala kitandani miaka mitatu akiuguzwa na mke huyo huyo.

Basi mwalimu alipokaribia kustaafu aliweka moyo wake juu ya Yerusalemu. Alikuwa ameahidiwa nafasi katika kundi la mahujaji. Mwezi wa Oktoba 2023 vita ikazuka huko, na safari nyingi za mahujaji zikavunjika, yao pia. Hata hivyo hakukata tamaa. Alisema, "Tutaweka fedha benki, tungoje amani." Mkewe hakujibu siku ile. Baada ya siku mbili, akimwagia maji ya kunawa, alisema, "Mwalimu, Yerusalemu ipo tangu siku za Daudi, itakungoja. Dada yangu ana miaka 73, tena presha inamsumbua. Yeye hawezi kuningoja."

Mume alikasirika kidogo. Aliniambia mwenyewe. Aliona kana kwamba analinganishwa Masasi na mji mtakatifu, na ya kuwa mkewe hana hamu ya mambo ya roho. Lakini katika juma lile lile ilikuwa zamu yake kuwafundisha wazee wa kanisa, na somo lilikuwa katika kitabu cha pili cha Samweli, habari za mfalme Daudi akirudi baada ya uasi wa Absalomu. Humo yumo mzee mmoja, Barzilai wa Gileadi, mwenye miaka 80. Alikuwa mtu mwenye mali, naye ndiye aliyemlisha mfalme alipokuwa mkimbizi. Mfalme anamwalika: twende wote Yerusalemu, nitakutunza huko. Barzilai anakataa kwa adabu. Anasema ya kuwa ladha ya chakula imemwondoka, na sauti za waimbaji hazisikii tena vema. Kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Atavuka Yordani pamoja naye mwendo mfupi tu, kisha aachwe arudi, afe mjini kwao, penye kaburi la baba yake na mama yake. Na Daudi hakumwona kuwa mtu asiye na dini. Alimbusu, akambariki.

Yule mwalimu alisema nami hivi: "Nimeisoma sura hiyo tangu chuoni, na kila mara nilijifananisha na Daudi. Siku ile nikamwona Barzilai, naye alikuwa jikoni kwangu anachambua mchicha."

Wakakata shauri. Fedha za kiinua mgongo wakazigawa mbele ya watoto, ili pasiwe na manung'uniko baadaye: sehemu ya kutengeneza paa, sehemu ya akiba ya ugonjwa, sehemu ya Yerusalemu iliyoachwa benki, na sehemu ya Masasi. Hilo la kugawa mbele ya watoto nalisifu sana. Wazee wengi huficha fedha zao, na fedha iliyofichwa huleta dhana mbaya hata mahali pasipo na ubaya.

Hapa niseme kidogo juu ya maandalio, maana walimu waliniuliza.

Waliazimu kwenda mwezi wa Juni, mvua zikiisha. Lakini mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua kuu pwani ya kusini, na barabara ikakatwa huko Somanga katika Wilaya ya Kilwa. Wakangoja mpaka Julai. Wakati huo huko kusini ni ukavu, kuna baridi ya asubuhi, na watu wana nafasi ya kukaa na wageni. Mtu akienda tangu Oktoba atawakuta watu katika korosho, wakiokota na kupeleka mnadani, naye ataona wenyeji hawamjali, kumbe wana kazi.

Wote wawili walikwenda kwanza hospitali wakapimwa. Mume ana sukari, mke ana maumivu ya magoti. Mganga aliwapa dawa za mwezi mzima, na karatasi iliyoandikwa majina ya dawa hizo. Mke akazitia katika mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku litiwalo chini ya basi, maana sanduku laweza kupotea au kufika kesho yake. Tena aliwaonya jambo ambalo wazee wengi hawalijui: mtu akizeeka kiu hupungua, hata mwili ukihitaji maji yeye hasikii. Wengi hukataa kunywa safarini kwa kuogopa haja njiani, wakafika wamezunguka vichwa. Na kukaa kitako saa nyingi huvimbisha miguu, hata damu yaweza kuganda ndani ya mishipa. Kwa hiyo basi lisimamapo, mzee asikae kulinda kiti chake, na ashuke atembee. Walilala usiku mmoja Dar es Salaam kwa mtoto wa ndugu. Kwenda moja kwa moja ni kwa vijana. Walichukua tochi pia, maana nyumba ya watu usiku ina vizingiti ambavyo mguu haujavizoea, na mzee akianguka na kuvunjika nyonga, safari yake imekwisha.

Fedha nyingi hawakuzibeba, waliziacha katika simu. Walichukua cheti cha Padre, kama ilivyo desturi yetu njema, wapate kupokewa katika Ushirika huko waendako. Na zawadi: vitenge, sukari, na gunia la viazi vya Lushoto ambalo mume alilishikilia ingawa wote walimcheka. Aliyekaa mbali miaka mingi hutazamiwa kuja na utajiri. Ni heri kusema mapema kwa simu, "Tunakuja kuwaona, hatukuja na mali," kuliko kuwaacha watu wakihesabu mabati kichwani mwao. Walisema hivyo. Wengine walinuna, kisha wakazoea.

Safari yenyewe sina haja ya kuieleza yote. Neno moja tu. Walipofika Rufiji mke alikuwa amesinzia, mume akamgusa. "Mama, ndiyo Rufiji." Akaamka, akatazama nje. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa meta 970, na basi lilikwisha kulipita kabla hajaweka miwani yake sawasawa. Akauliza, "Ni hapo tu?" Mume akasema, "Ndipo." Mto uliomzuia asimzike mama yake waliuvuka kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili. Hakusema kitu mpaka Somanga.

Walipoyaona majabali ya Masasi ilikuwa jioni. Dada yake alikuwa amekaa nje juu ya mkeka tangu adhuhuri, akakataa kuingia ndani. Jinsi walivyoonana siandiki.

Nataka kuandika habari za mume. Huko alipokewa kwa heshima kubwa. Shemeji, karibu, shemeji, kaa hapa, akapewa kiti chenye mgongo chini ya mwembe, akaletewa uji, akasalimiwa na kila apitaye. Na baada ya salamu watu wakageuka, wakasema Kimakua. Lugha hiyo yasemwa pande zote mbili za mto Ruvuma, nayo katika miaka yake miwili ya ujana alijifunza salamu tu, maana shuleni na kanisani wote walisema naye Kiswahili. Siku ya kwanza alipumzika. Siku ya pili akasoma kitabu chake cha sala. Siku ya tatu alianza kuona uchungu. Watu wakicheka, yeye alicheka baadaye, asijue acheka nini. Wakinyamaza kwa huzuni, hakujua nani amekufa. Akiuliza, walimfasiria kwa maneno machache, kama mtu amwambiavyo mtoto.

Usiku mkewe na dada yake walilala chumba kimoja, wakizungumza mpaka jogoo. Yeye chumbani kwake alisikia mkewe akicheka kicheko ambacho hakukijua, kikubwa, cha tumboni, cha msichana. Asubuhi akamwuliza, "Mlikuwa mkicheka nini?" Akaanza kumweleza kwa Kiswahili, akafika katikati, akaacha. Akasema, "Kwa Kiswahili hakichekeshi."

Basi mwalimu akakaa chini ya mwembe akahesabu. Yeye alikuwa mgeni siku tatu, naye aliheshimiwa, akapewa kiti. Mkewe alikuwa mgeni Korogwe miaka 33, wala hakupewa kiti, alipewa mtungi. Kisambaa alijifunza kwa kuchekwa na mawifi zake kisimani. Aliniambia, "Katekista, nilidhani namjua Mama. Nilimjua nusu, ile nusu iliyonifuata."

Kaburi la mama halikupatikana upesi. Msalaba wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa zamani. Watoto wa yule dada, ambao kwa desturi yao humwita mke huyu mama, ndio waliopajua mahali, kwa mkorosho mmoja ulioinama. Mume akavua koti akafyeka majani kwa mkono wake, ingawa vijana walitaka kumpokea jembe. Katekista wa pale akaongoza sala. Kisha mume akasema mbele ya kaburi, kwa sauti, "Mama, nimemrudisha umwone. Nimechelewa." Wazee wa pale wakatikisa vichwa kwa kukubali. Walikaa Masasi majuma matatu.

Sasa, najua wako watakaosema: huyu katekista anawatia wake zetu maneno. La. Nawaambia waume, kwa kuwa waume ndio washikao fedha na ndio watangulizao safari zao. Katika mtaa wetu yuko mzee mwingine, mtu mwema, mshika dini. Yeye alimwambia mkewe, "Mwaka ujao tutakwenda kwenu." Alisema hivyo miaka sita, na kila mwaka palikuwa na sababu ya kweli: paa, arusi, kesi ya shamba. Mwaka wa saba mke akapatwa na kiharusi. Sasa hawezi kusafiri hata mpaka Tanga mjini. Mume amsukuma katika kiti cha magurudumu kuja kanisani, kwa upendo mwingi, nasi sote twamsifu; lakini mke akisikia habari za kwao hugeuza uso.

Wala si kila mke ataka kwenda kwao. Yuko aliyeteswa huko na baba wa kambo, hataki hata kuyasikia majina ya vijiji. Yuko ambaye hamu yake ni kuona bahari, basi, kwa kuwa alizaliwa bara na hajaiona. Yuko asemaye, "Mimi nataka kupumzika nyumbani kwangu, na wewe uende uendako, nipate majuma mawili ya kimya." Huyo naye asikilizwe! Mume asidhani amechukiwa. Lakini yampasa kuuliza, tena kuuliza wakati magoti yangali yakubali. Sara, mke wa Ibrahimu, alikuwa na miaka 65 walipoondoka Harani kwenda nchi wasiyoijua, na katika habari ile hatuoni mahali alipoulizwa. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Naomi yeye, mumewe na wanawe walipokufa Moabu, alirudi Bethlehemu kwa miguu yake, akiwa mzee, na mwenzi wake njiani alikuwa mkwe, si mume.

Jambo moja tena, nalo ni zito: kaburi. Wawili waliotoka nchi mbali mbali wakizeeka, swali la kuzikwa wapi lipo kati yao hata wasipolisema, na mara nyingi ndugu hulisema kwa niaba yao siku ya msiba, kwa ugomvi, maiti ikiwa ndani. Mapadre wetu wameona aibu nyingi za namna hii. Ni afadhali wazee wenyewe waseme mapema, waandike, na watoto wajue. Nilimwuliza yule mwalimu kama walisema neno hilo walipokuwa Masasi. Akajibu, "Tulisema, chini ya mkorosho ule." Sikuuliza zaidi, wala yeye hakunieleza.

Fedha ya Yerusalemu ingali benki. Mwalimu huitaja mara kwa mara, lakini si kwa haraka kama zamani. Amenunua daftari la kurasa 48, huandika humo maneno ya Kimakua ambayo mkewe humtamkia jioni wakati wa kumenya maharagwe, naye mkewe humcheka kwa jinsi ayatamkavyo. Dada yule yungali hai, hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Safari ya pili Mama ndiye aliyeitaja. Amesikia habari za lile gari la moshi lisilo na moshi, ataka kwenda nalo Dodoma, na sharti lake ni moja: yeye ndiye atakayekaa dirishani.